Sahihi 757 na kofia ya Lincoln: miaka nane ya Obama kama seneta wa jimbo

Swali: Mimi ni kijana wa miaka 27 kutoka Nakuru na nimeamua 2027 nitawania kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, wadi yetu. Mjomba wangu kila siku ananiambia nimuige Obama, ati alianza kama MCA huko Chicago akapanda ngazi bila kushindwa hata mara moja. Rafiki yangu naye anasema Obama alipata kile kiti kwa kuwatoa wapinzani wake wote kwenye karatasi ya kura. Nani yuko sawa? Je, useneta wa jimbo ni sawa na u-MCA? Na alipoenda Washington walifanya uchaguzi mdogo ama?

Jibu: Mdogo wangu asante kwa swali, na hongera kwa kuanza mapema manake wengi huamka miezi mitatu kabla ya uchaguzi alafu wanashangaa. Nimefundisha siasa za Marekani chuoni miaka mingi, na hii miaka nane ya Obama kule Illinois ndio sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko zile za Ikulu, juu hapa chini ndio unaona siasa inavyofinyangwa kwa mikono, jina moja moja, mtaa kwa mtaa. Kwa kifupi rafiki yako yuko karibu na ukweli kuliko mjomba, lakini mjomba naye usimtupe, kuna kitu amekishika.

Kwanza hio kazi yenyewe. Watu wetu wengi walianza kumsikia Obama akiwa tayari anaelekea Seneti ya Washington, hata ile bia ya Senator walevi wakaibatiza jina lake, so wanachanganya maseneti mawili. Kuna Seneti ya taifa iko Washington, alafu kila jimbo lina bunge lake. Obama alikaa kwenye Seneti ya jimbo la Illinois kutoka Januari 1997 mpaka Novemba 2004. Bunge hilo liko mji unaitwa Springfield na lina mabaraza mawili, Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118.

Sasa usidhani jimbo la Marekani ni kama kaunti ya kwetu. Kaunti inasubiri mgao kutoka Nairobi na haiwezi kutoza kodi ya mapato wala kuandika sheria ya mauaji. Illinois inatoza kodi yake ya mapato, ina sheria zake za jinai, ina mahakama yake ya juu, na wakati ule ilikuwa hata na hukumu yake ya kifo. Seneta mmoja pale anabeba watu karibu laki mbili. Kwa hivyo kwa mamlaka ya kutunga sheria anamwacha MCA mbali sana, lakini kwa maisha ya kila siku wanafanana, watu wanampigia simu juu ya takataka na taa za barabarani, na akivuka mpaka wa eneo lake hakuna anayemjua. Vikao vya Springfield vinabanwa zaidi kati ya Januari na mwisho wa Mei, so wengi wana kazi nyingine pembeni. Obama alikuwa wakili kwenye kampuni ndogo ya kesi za haki za raia, na alikuwa anafundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, alafu kwenda bungeni anaendesha gari kama kilomita 320, siku kadhaa huko, anarudi nyumbani wikendi.

Sasa tuingie kwa ile stori ya rafiki yako.

Upande wa kusini wa Chicago kulikuwa na mbunge wa Kongresi anaitwa Mel Reynolds. Agosti 1995 mahakama ikamkuta na hatia ya kufanya ngono na msichana wa umri mdogo, akaachia kiti. Alice Palmer, mama msomi na mwanaharakati aliyeheshimika sana mitaa ile, ndiye alikuwa seneta wa jimbo wa wilaya ya uchaguzi namba 13, eneo la Hyde Park na mitaa maskini iliyoizunguka, na akasema anakitaka hicho kiti cha Washington. Maana yake kiti chake cha Springfield kitabaki. Obama, wakili wa miaka 34 aliyewahi kufanya kazi ya kuwaunganisha wakaazi wa mitaa hio kudai haki zao, akaruka. Septemba 19 1995 akatangaza nia kwenye hoteli moja pale Hyde Park na Palmer mwenyewe alikuwepo kumtambulisha kwa watu. Mpaka hapo ni kama mama anamkabidhi kijana kijiti.

Mchujo wa kile kiti cha Kongresi ukafanyika Novemba 28, Palmer akawa wa tatu. Wa kwanza alikuwa Jesse Jackson Jr., wa pili Emil Jones, na hilo jina la Emil Jones lishike tutalirudia. Sasa wafuasi wa Palmer wakaanza kusema arudi kwenye kiti chake cha zamani, na wakubwa wa mtaa wakamfuata Obama wakamwomba ampishe mama, bado wewe ni kijana, zamu yako itafika. Akakataa, akasema aliingia kwa ruhusa yake na ameshakusanya watu na pesa za wafadhili.

Hapo ndio sahihi zinaingia. Illinois huwezi tu kuenda na ada yako ukaandikwa kwenye karatasi ya kura. Unaleta fomu zilizojaa sahihi za wapiga kura waliojiandikisha wanaoishi ndani ya mpaka wa wilaya hio hio, na kwa kile kiti mwaka ule zilitakiwa 757. Watu wa Palmer walikimbia mtaani siku chache za mwisho wakaleta kama 1,580, mara mbili ya zinazohitajika, na mtu yeyote angesema mama yuko salama. Obama alikuwa na zaidi ya 3,000. Kulikuwa na wengine pia wanataka hicho kiti, mmoja anaitwa Gha-is Askia, mwingine Marc Ewell, mwingine Ulmer Lynch.

Mwanzoni mwa Januari 1996 timu ya Obama ikaenda kwenye ofisi ya bodi ya uchaguzi ikakaa na rejista na zile fomu, wakazipitia jina kwa jina. Huyu hajajiandikisha. Huyu anaishi ng'ambo ya barabara, wilaya nyingine. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuachana badala ya kutia sahihi, nje. Na kulikuwa na kitu kimoja kibaya ambacho wengi hawakukijua, jiji lilikuwa limetoka tu kusafisha daftari la wapiga kura, kwa hivyo kuna watu walitia sahihi kwa moyo safi wakidhani bado wako kwenye daftari kumbe walishaondolewa. Palmer akaona hesabu haitoshi akajiondoa katikati ya Januari. Askia akapungukiwa na sahihi 69. Ewell akapungukiwa na 86. Lynch naye akatoka. Machi ilipofika, kwenye karatasi ya mchujo wa Democrat wilaya ya 13 jina lilikuwa moja.

Na ukishashinda mchujo wa Democrat kusini mwa Chicago umemaliza, ni kama kupata tiketi ya chama chenye ngome yake mahali fulani huku kwetu, wewe mwenyewe unajua nazungumzia nini. Novemba 1996 alipata kama asilimia 82 dhidi ya mgombea wa Republican na wa chama kidogo cha mtaani. 1998 akachaguliwa tena kwa asilimia 89.

Mi nitakuambia nilivyo. Hakuvunja sheria hata kidogo, na hakughushi kitu, waliopungukiwa walipungukiwa kweli. Lakini wakaazi wa wilaya ya 13 walinyimwa nafasi ya kuchagua kati ya mama waliyemjua na kijana mgeni, na hilo linanisumbua kila nikilifundisha, juu jamaa huyu alianza siasa kama mtu wa kusajili wapiga kura, 1992 aliongoza kampeni kubwa ya kuandikisha watu Illinois. Mtu anaweza kuwa sawa kisheria na bado ukabaki na uchungu. Kwako wewe somo ni la vitendo kabisa. Ukienda bila chama, katiba yetu inakutaka ulete wapiga kura 500 waliojiandikisha ndani ya wadi. Usilete 520. Leta hata 1,200, na kila jina uwe umelilinganisha na rejista kabla hujapeleka, namba ya kitambulisho kwa namba ya kitambulisho, juu mpinzani wako akiwa na mtu mmoja mvumilivu mwenye kalamu nyekundu utalia.

Sasa kiti amepata, kazi iko wapi? Hapa watu hawaelewi kwa nini miaka sita ya kwanza Obama hakufanya mengi. Democrat walikuwa wachache kwenye Seneti, na kwenye bunge la Springfield ukiwa upande wa wachache hata mswada wako mzuri unalala kwenye kamati mpaka kikao kiishe, mkuu wa Seneti hataki na basi. Alipitisha vichache kwa kuungana na wa upande wa pili, kama sheria ya maadili ya 1998 ya kubana zawadi kwa wanasiasa. Jioni alicheza karata na maseneta wa mashambani na wa vitongoji, wazungu wa vyama vyote viwili, na hio usiidharau, pale mezani ndio alijifunza nani anaogopa nini kwenye eneo lake.

Wapinzani wake 2008, alipowania urais, walimsema sana kwamba alipiga kura ya "nipo" mara 129, si ndio wala hapana, ati mwoga. Elewa mashine inavyofanya kazi. Illinois mswada haupiti kwa wingi wa waliopiga kura, unahitaji wingi wa maseneta wote 59, yaani kura 30 za ndio. Kwa hivyo "nipo" kimatokeo ni sawa na hapana. Mara nyingi chama au makundi ya utetezi yaliwapanga watu wapige hivyo kwa pamoja ili mswada uanguke bila wapinzani kupata silaha ya kampeni. Na ni 129 kati ya kura kama 4,000. Zingine kweli zilikuwa za kujilinda, siwezi kukudanganya, lakini kuziita zote uoga ni kutojua hesabu ya 30.

Sasa mjomba. Mwambie kwa heshima kwamba Obama alishindwa, tena kwa aibu. 1999 alimwangalia Bobby Rush, mbunge wa Kongresi wa upande wa kusini, mzee wa zamani wa Black Panther, lile kundi la wanaharakati Weusi la miaka ya sitini, akaona amechoka juu Februari mwaka huo Rush aliwania umeya dhidi ya Richard Daley akapigwa vibaya. Obama akasema huyu nampata. Kosa la hesabu. Kushindwa umeya wa jiji zima si kushindwa nyumbani kwako. Watu wa mtaa walimwona Obama kama mtoto wa Harvard aliyetumwa na watu wa chuo kikuu. Alafu Oktoba 1999 mtoto wa Rush akapigwa risasi akafa, na mji mzima ukamlilia baba. Desemba ikaja kura ya sheria ya bunduki pale Springfield, kura ya muhimu kweli, na Obama alikuwa Hawaii kwa nyanya yake, mtoto wake mdogo Malia akaugua, hakurudi kwa wakati. Hebu fikiria, msiba wa bunduki umetokea, mswada wa bunduki unakwama, na wewe mgombea uko ufukweni. Maelezo yake yalikuwa ya kweli na hayakumsaidia chochote. Machi 21 2000 Rush akapata asilimia 61, Obama 30.

Mwenyewe amesimulia kwamba Agosti ile alienda mkutano mkuu wa chama Los Angeles, akafika kukodi gari kadi yake ya benki ikakataliwa. Mtu ambaye miaka minne baadaye atahutubia mkutano huohuo.

Ila angalia kitu kimoja ambacho mjomba angekifurahia. Kiti chake cha Springfield hakukipoteza. Alikuwa amechaguliwa 1998 kwa miaka minne, kwa hivyo 2000 aliwania Kongresi akiwa bado na mahali pa kurudi. Illinois vipindi vya maseneta vinapishana, kuna cha miaka miwili na vya miaka minne, na anayejua kalenda anachagua mwaka wa kujaribu bahati. Huku kwetu kila kiti kinapigiwa kura siku moja, ukiacha u-MCA ukajaribu ubunge ukianguka unaenda nyumbani. Kwa hio usiige hapo, huna hio mto wa kuangukia.

Sasa nakuja kwa sehemu ambayo wanafunzi wangu hukataa kuamini.

Kila baada ya sensa mipaka ya wilaya za uchaguzi lazima ichorwe upya. Kwetu tume ya uchaguzi, IEBC, ndio inafanya na katiba inaipa kati ya miaka minane na kumi na miwili. Illinois wanasiasa wenyewe ndio wanachora. Wakishindwa kuelewana inaundwa tume ya watu wanane, wanne kila chama, na bila shaka wanne kwa wanne hawaelewani. Basi katiba yao ya 1970 inasema mahakama ya juu ipeleke majina mawili, moja la kila chama, na waziri wa jimbo achomoe moja bila kuangalia. Aliyechomolewa ndiye wa tisa, na chama chake kinachora ramani nzima ya miaka kumi. Waliotunga walidhani hakuna chama kitakubali kucheza kamari hio, kwa hivyo watalazimika kuelewana. Walikosea, ilichezwa 1981, 1991 na 2001. 1991 Republican walishinda bahati nasibu na ndio maana waliishika Seneti kutoka 1993 miaka kumi, na ndio maana Obama aliozea kwenye upande wa wachache. Septemba 2001 Jesse White, waziri wa jimbo, akaingiza mkono ndani ya kofia iliyotengenezwa mfano wa ile ndefu ya Abraham Lincoln akatoa jina la Michael Bilandic, Democrat.

Kwa hilo jina moja kila kitu kikageuka. Wilaya ya 13 ikachorwa upya, na Obama alikuwa na mkono kwenye hio kazi. Badala ya kukaa kusini tu kwenye nyumba maskini, ikavutwa kuelekea kaskazini kando ya ziwa Michigan ikapita katikati ya jiji mpaka Gold Coast, mtaa wa matajiri wa Chicago. Bado Weusi walikuwa wengi, lakini sasa ndani yake kulikuwa na watu wenye pesa ambao wanaweza kuandika hundi za kampeni kubwa. Kama mtu akiniuliza ni siku gani Obama alipata njia ya kwenda Washington, kabla ya ile hotuba ya 2004 kwenye mkutano mkuu wa chama Boston, mi naitaja siku ya kofia.

Novemba 2002 alichaguliwa bila mpinzani, Democrat wakachukua Seneti, na Januari 2003 mkuu wa Seneti akawa nani? Emil Jones. Yule aliyekuwa wa pili 1995, aliyewahi kufanya kazi kwenye idara ya maji taka ya jiji, na aliyemjua Obama tangu enzi za kuandamana na wakaazi. Obama akamfuata akamwambia una uwezo wa kutengeneza seneta wa taifa. Jones akakubali. Akampa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na akampa abebe miswada mikubwa, mingine ikiwa imebebwa na wenzake kwa miaka bila kupita. Wapo maseneta waliokasirika na nawaelewa kabisa.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani alipewa tu sifa. Mswada wa kurekodi kwa video mahojiano ya polisi kwenye kesi za mauaji ulikuwa moto. Illinois ilikuwa imegundua watu 13 waliohukumiwa kifo kumbe hawana hatia, wakati waliouawa kwa kudungwa sindano tangu adhabu irudishwe ni 12, yaani makosa mengi kuliko utekelezaji, mpaka gavana George Ryan, Republican, akasimamisha yote Januari 2000. Baadhi ya waliohukumiwa kifo jimboni walikuwa wamekiri chini ya mateso kwenye vituo vya polisi vya Chicago. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga mswada, gavana mpya Rod Blagojevich naye mwanzoni hakuutaka. Obama akakaa nao kikao baada ya kikao, akawaambia video inamlinda pia polisi mwaminifu anayesingiziwa, akakubali kurekebisha hapa na pale, mpaka ukapita Seneti bila kura ya kupinga na kusainiwa 2003. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka hilo kwa sheria ya bunge. Mwaka huohuo ikapita sheria ya polisi kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha barabarani. Hizi ni sheria zinazomgusa kijana wa mtaani usiku wa manane, na mimi naziheshimu kuliko hotuba zake zote.

Mengine unayajua. Machi 2004 alishinda mchujo wa Seneti ya taifa kwa asilimia 53 kati ya wagombea saba, mpinzani wa Republican akajitoa kwa kashfa ya talaka, wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland, Obama akamshinda 70 kwa 27.

Na kile kiti cha wilaya ya 13? Hakukuwa na uchaguzi mdogo. Illinois seneta akiondoka katikati ya kipindi, viongozi wa chama chake ndani ya wilaya ile ndio wanakaa kwenye chumba na kuteua mtu wa chama hichohicho. Obama alijiuzulu siku mbili baada ya uchaguzi, Novemba 4 2004, wakamteua wakili Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Akakaa pale mpaka Januari 2019, alipoondoka kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo.